Samaki wa Ziwa, Mtoto wa Mto



Ukifika soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, alfajiri utakuta sangara, sato na dagaa hadi macho yachoke. Kambale yupo, kamongo yupo, na ukibahatika utaona gogogo wachache wamelazwa pembeni ya beseni. Sasa ulizia ningu. Kijana wa kwanza atakwambia hamjui. Wa pili atamwita mama mwenye meza ya jirani, na mama huyo atacheka kwanza kabla ya kukujibu, maana siku nyingi zimepita tangu mtu amuulize habari hizo. Leo nataka tumzungumzie samaki huyo. Nataka pia tuzungumzie mahali pamoja ambapo tunapita kila siku bila kupatazama, napo ni mlango wa mto, pale mto unapoliingia ziwa.

Ningu, ambaye wanasayansi humwita Labeo victorianus, ni samaki wa kwetu hasa. Anaishi katika bonde la Ziwa Victoria, na wanaotafuta samaki wa ajabu katika mabara mengine hawatamkuta huko. Mkubwa wao hufika sentimita 40 hivi. Kinywa chake kimekaa upande wa chini wa kichwa, midomo minene, kwa sababu kazi yake ni kukwangua ukoga na takataka laini juu ya mawe na tope. Hali samaki mwenziwe. Nyama yake ni tamu na ina mafuta, ila ina vimiba vingi vyenye pacha, na anayemla kwa haraka atajuta. Ndiyo maana wengi walimpenda akiwa amebanikwa kwa moshi, kisha akachemshwa polepole.

Tabia yake moja ndiyo inayotuleta kwenye kipaza sauti leo. Ningu anakula na kunenepa ziwani, lakini hazai ziwani. Akitaka kuzaa anapanda mto.

Tuuchukue mto Simiyu, kwa kuwa wengi wenu mnaupita mkienda Magu na Musoma. Kiangazi unaweza kusimama darajani ukaona mchanga mwingi kuliko maji. Ng'ombe wanavuka bila kulowa magoti. Halafu mvua inapiga kule juu, Meatu, Maswa, upande wa Bariadi kunakotoka mto Duma unaoungana na Simiyu. Huku Mwanza huenda jua linawaka bado. Siku inayofuata, au usiku wa siku hiyohiyo, maji mekundu yanashuka kwa kishindo, yanaingia Ghuba ya Speke, na wavuvi walio mbali wanaiona ile rangi ya udongo inavyojichora kwenye maji ya ziwa. Ningu naye anaipata habari. Waliokuwa wametawanyika ghubani wanakusanyika mlangoni, majike wakiwa na matumbo yaliyojaa mayai, na maji yakiendelea kupanda wanaanza safari, hasa usiku, kuelekea juu.

Hawaendi kutafuta kilindi. Wanatafuta mahali ambapo mto umevunja kingo zake na kulala juu ya majani. Humo, kwenye maji mapya yenye kina cha goti au pungufu, jike anamwaga mayai yake, makumi ya maelfu, na dume anayarutubisha. Kisha wazazi wanageuza kurudi, kwa sababu maji ya mafuriko hayana subira. Yakishuka ghafla, samaki mkubwa anabaki kwenye dimbwi akingoja korongo na watoto wenye vikapu. Mayai yanaanguliwa baada ya muda mfupi sana, na vifaranga wanabaki kwenye majani wakila na kujificha, hadi wapate nguvu ya kushuka ziwani.

Hayuko peke yake katika safari hizo. Kuyu, yule samaki mkubwa wa magamba anayevutana na ndoano kwa nguvu, naye hupanda mito. Nembe hupanda. Kambale hupanda kwa namna yake ya ubabe, akipita hata kwenye majani yenye maji ya kifundo cha mguu, ndiyo maana mvua ya kwanza ikinyesha usiku utasikia vijana kwenye majaruba ya mpunga wakimsaka kwa tochi na panga. Mwaka 1959 mtafiti P. J. P. Whitehead alichapisha kazi nzima juu ya samaki wa ziwa hili wanaopanda mito kuzaa, na aliwahesabu kwa aina kadhaa. Kwa hiyo ninaposema ningu, wewe sikia ningu na wasafiri wenzake.

Sasa niruhusu nikupeleke mbali kidogo, halafu nitakurudisha. Uingereza, Scotland, Wales, Ireland, na pwani nzima ya kaskazini ya Ulaya, yuko samaki mwenye mwendo unaofanana na huu. Ni trauti wa bahari. Anazaliwa mtoni, kwenye maji ya baridi yanayopita juu ya kokoto. Mama yake huchimba shimo kwa mkia, huyaweka mayai humo na kuyafunika. Anakaa mtoni miaka, wengi miwili au mitatu, kisha anabadilika rangi, anakuwa wa fedha, anaingia baharini. Huko anakula hadi ananenepa, ndipo anarejea mtoni kuzaa. Na tofauti na ndugu zake wengi wa bahari ya Pasifiki ambao wakizaa wanakufa, huyu anaweza kurudi baharini na kuja tena mwaka mwingine, na mwingine.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki. Trauti wa bahari na trauti wa kahawia anayebaki mtoni maisha yake yote ni samaki wa aina moja, Salmo trutta. Wanaweza kuwa wa mama mmoja, wamelala kwenye kokoto zilezile. Mmoja anabaki kijijini, hakui sana. Mwingine anakwenda baharini na kurudi akiwa mkubwa mara kadhaa kuliko nduguye. Wengi wa wanaoondoka ni majike, na sababu yake inaeleweka: mwili mkubwa hubeba mayai mengi.

Wavuvi wa Wales humvua usiku wa kiangazi chao. Mtu anaingia mtoni hadi mapajani, amekaa kimya gizani, anarusha mshipi wenye mdudu bandia aliyefungwa kwa manyoya ya ndege. Samaki yule akiwa mtoni hali sana, lakini kitu kikipita mbele yake gizani anaweza kukirukia. Kuna Mwingereza aliyeitwa Hugh Falkus aliyeandika kitabu kizima juu ya uvuvi huo, kikatoka mwaka 1962, na wavuvi wa huko bado wanakinukuu. Mimi nakiri kwamba kusimama usiku kucha kwenye maji ya baridi kwa ajili ya samaki mmoja, ambaye huenda ukamrudisha majini, ni jambo ambalo jirani zangu wa Igombe wangeliona kama adhabu. Lakini usicheke haraka. Watu hao wanaoonekana kucheza ndio wanaopiga kelele ya kwanza mto unapochafuliwa, kwa sababu wanaujua jiwe kwa jiwe.

Trauti huyo, kama hujui, alifika hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na vifaranga wake wakawekwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Baadaye walisambazwa kwenye mito mingine ya nyanda za juu, na Kiganjo karibu na Nyeri kukajengwa kituo cha kuwazalisha. Wamo hata katika mito ya milima ya Kericho, kwenye mashamba ya chai, na maji ya mito ile mwisho wake ni ziwa hili letu. Fikiria basi: samaki ambaye ndugu zake huko Scotland wangeteremka mto na kwenda kunenepa kwenye maji makubwa, hapa anakaa juu na hathubutu kushuka. Yeye anataka maji ya baridi, na ziwa letu lina nyuzijoto ishirini na kitu mwaka mzima. Wakoloni walitumia fedha na jasho kumleta mgeni ambaye safari yake haiwezekani hapa, wakati chini kabisa ya mito hiyohiyo alikuwako msafiri mwenyeji, ningu, ambaye hakuna aliyemjengea kituo chochote.

Turudi kwake.

Zamani watu wa kando ya mito walimngoja ningu kama mkulima anavyongoja mvua, na kwa kweli ilikuwa ni mvua ileile. Walijenga uzio wa miti na matete kuvuka mto au sehemu yake, wakaacha matundu, na kwenye matundu wakatega migono, ile mitego ya kusuka yenye mdomo mpana na koo jembamba ambayo samaki akiingia hatoki. Mingine ilielekezwa kuwakamata wanaopanda, mingine wanaoshuka. Upande wa Nyanza, Kenya, Wajaluo na majirani zao walikuwa na ufundi mkubwa wa kazi hii kwenye mito kama Nzoia. Uzio kama huo haukuwa wa mtu mmoja. Kuukatia miti, kuusimamisha na kuukarabati baada ya kila gharika kulitaka watu wengi, na wenye kazi walijua nani anatega wapi. Mafuriko makubwa yalipokuja yaliubomoa, na usiku huo samaki walipita wote. Hilo halikuwa katika mpango wa mvuvi, lakini liliusaidia ukoo wa ningu kuliko kanuni yoyote iliyowahi kuandikwa.

Halafu zikaja nyavu za makila. Za kwanza, za kitani, zililetwa ziwani mwaka 1905. Reli ilikuwa imeshafika Kisumu mwaka 1901, na Mwanza ikafika mwaka 1928, kwa hiyo samaki akapata soko mbali na ufukwe wake. Kati ya 1927 na 1928 mtafiti Michael Graham alifanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa zima, na taarifa yake ya mwaka 1929 ilionya kwamba ngege, sato yule wa asili, anavuliwa kupita kiasi. Alipendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, na mwaka 1933 hilo likawa sheria. Ngege akaendelea kupungua, wavuvi wakahitaji kujaza mtumbwi kwa kitu kingine, na kitu kingine kilihitaji matundu madogo. Katika miaka ya 1950 kanuni ile ikalegezwa. Wakati huohuo ukaja uzi wa nailoni, ambao hauozi, hauhitaji kuanikwa kila siku, na samaki hauoni vizuri kama alivyoona kitani.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Una samaki ambaye mara moja au mbili kwa mwaka anakusanyika mwenyewe, maelfu kwa maelfu, mahali pembamba panapojulikana na kila mtu. Na una wavu mwembamba, wa bei inayozidi kushuka, ambao mtu mmoja na nduguye wanaweza kuutandaza usiku kucha. Huhitaji hesabu ngumu. Makila yalipangwa mlangoni, wavu nyuma ya wavu, na ningu alikamatwa kabla hajapanda, mayai yakiwa bado tumboni. Kilo ya ningu aliyekamatwa akipanda na kilo ya ningu aliyekamatwa akishuka zina bei moja sokoni. Kwa mto, ya kwanza ni kilo moja pamoja na kizazi chake chote.

Mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr aliandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, na jambo lililonigusa katika kazi yake halikuwa tarakimu. Ni kwamba aliandika pia juu ya kufa kwa ufundi wa uzio na migono kwenye mto Nzoia. Watu wa juu waliacha kusuka mitego kwa sababu samaki hawakufika tena. Hakuna aliyewakataza. Hakuna aliyewafukuza mtoni. Samaki wao waliishia kwenye makila chini kabisa, mikononi mwa watu ambao huenda hawakuwahi kuwaona, na mwaka mmoja baada ya mwingine mgono ukabaki ukining'inia ukutani hadi mchwa wakaumaliza.

Naomba utazame tarehe hizo vizuri, kwa sababu kanda hii tuna tabia ya kumtwika sangara kila dhambi. Sangara aliletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 na 1960, na kishindo chake, kile kilichowamaliza furu na kuleta viwanda vya minofu hapa Mwanza, kilikuja miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshaanguka. Sangara alikuta msiba umeshatokea. Labda alikula mabaki ya matanga, siwezi kumsafisha kabisa, lakini hakuua yeye. Tulifanya wenyewe, kwa mikono, mlangoni. Leo ningu ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, ingawa katika mito kama Mara na Kagera bado wako.

Wapo watakaosema, mto wenyewe nao umebadilika, usimlaumu mvuvi peke yake. Wana haki. Simiyu unapita kwenye nchi ya pamba na mifugo. Miti imepungua, udongo unashuka na kila mvua, dawa za pamba nazo zinajua njia ya kwenda mtoni. Watu wanalima hadi kwenye ukingo, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mchanga unachotwa kujengea nyumba zetu huku mjini. Yale majani yanayofurika, chumba cha uzazi cha ningu, ndiyo kwanza yanayogeuzwa bustani za mboga, kwa sababu ndipo penye rutuba na unyevu.

Na Mara? Mnakumbuka Machi 2022, maji ya mto Mara karibu na Kirumi yalipogeuka rangi, yakanuka, samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Kamati ya serikali ilipotaja kinyesi cha mifugo miongoni mwa sababu, mitandao ilicheka wiki nzima. Mimi sikuwa mjumbe wa kamati na sitetei taarifa ya mtu. Nasema tu kwamba wazo la kinyesi kuua samaki si la kuchekesha kama lilivyoonekana. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi kutoka sehemu ya juu ya mto huohuo: kinyesi cha viboko kinajikusanya kwenye mabwawa wakati wa kiangazi, kinakula oksijeni yote, na mafuriko ya ghafla yakiyasukuma maji yale chini, samaki wanakosa pumzi na kufa. Sasa mpe ningu hali hiyo. Mafuriko yaleyale yanayomwita kupanda ndiyo yanayoweza kumletea maji yasiyo na hewa. Mto wenye samaki wengi unastahimili usiku mbaya kama huo. Mto wenye samaki wachache, usiku mmoja unatosha.

Lakini mimi nitashikilia mlango, na nitakwambia kwa nini. Kurudisha miti Maswa ni kazi ya kizazi. Kuondoa bustani kwenye kingo ni vita na watu maskini wenye njaa ya leo. Mlango wa mto ni mita mia chache za maji, kwa siku chache za mwaka. Hakuna sehemu nyingine ya tatizo hili iliyo ndogo kiasi hicho.

Wenzetu wenye trauti walipigana juu ya jambo hili kwa karne nyingi. Ule mkataba maarufu kati ya mfalme wa Uingereza na wakubwa wake, Magna Carta wa mwaka 1215, una kifungu kinachoamuru nyuzio za samaki ziondolewe kwenye mto Thames, Medway na mito ya Uingereza yote, ingawa wengi wanasema kilichowakera zaidi wakubwa wale ni mashua zao kuzuiwa kupita. Scotland walifika mbali zaidi. Huko wakaweka utaratibu kwamba nyavu za kuvulia samaki hao zinyanyuliwe kila wiki, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, ili wanaopanda wapite. Angalia ujanja wake. Hawakusema uvuvi ufungwe. Walisema mlango ufunguliwe kwa zamu. Wa chini apate, na wa juu apate, na katikati yao samaki apate nafasi ya kuzaa.

Na kwetu kufunga si jambo geni. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na watu walilalamika, wakavumilia. Pwani ya kusini kuna vijiji vinavyofunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa na kufungua kwa sherehe. Hapa ziwani kwetu mvuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa sababu taa yake haishindani na mwezi. Kupumzisha maji tunakujua. Ila tumekujua pale maumbile yalipotulazimisha au serikali ilipotuma boti.

Na boti zenyewe hutazama wapi? Doria kubwa ya mwaka 2018 iliitwa Operesheni Sangara, na jina linakueleza macho yalikokuwa. Zilichomwa nyavu, kokoro zilichomwa, timba zilichomwa, na mpaka leo ukiketi na wavuvi utasikia uchungu wao na pia utasikia wengine wakikiri kwamba sangara waliongezeka ukubwa. Sina ugomvi na kulinda sangara. Ndiye anayelipa ada za watoto wengi wa mkoa huu. Ila samaki anayeuzwa nje analindwa kwa bunduki, na samaki wa miba aliyekuwa anafika hadi sufuria ya mtu wa Meatu hana hata bango mlangoni mwa mto.

Pendekezo langu ni dogo. Mafuriko ya kwanza ya vuli na ya kwanza ya masika yakishuka, makila yote yaondoke mlangoni kwa wiki mbili, umbali wa kutosha kila upande. Mvuvi ataendelea na ziwa lote lililobaki. Wa juu naye avumilie kwa wiki hizo kutofunga mto mzima. Mgono aweke, lakini nusu ya mto iachwe wazi. Kipimo kiwe mto wenyewe, si kalenda, maana mvua za siku hizi haziheshimu tarehe. Mlinzi wa kupima kimo cha maji darajani anatosha kutoa taarifa kwa simu.

Watanijibu wataalamu kwamba ningu anaweza kuzalishwa bwawani. Ni kweli. Watafiti wa Uganda walifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kumfanya atage mayai na kuangua vifaranga katika hali ya kufugwa, na hiyo ni kazi ya kuheshimika sana. Siku moja mfugaji wa Misungwi anaweza kuuza ningu kama anavyouza sato. Lakini kifaranga utakayemwachia Simiyu mwezi wa nne, miaka michache baadaye atakuwa samaki mzima ghubani, na mvua ikipiga Maswa ataelekea mlango uleule, kwenye makila yaleyale.

Najua nani atapinga kwanza. Si mvuvi mwenye mtumbwi mmoja, huyo mara nyingi anaelewa kuliko sisi. Ni mwenye nyavu nyingi anayekaa mjini na kulipa vijana kwa mgawo, ambaye wiki mbili za mafuriko ni mavuno yake. Na najua pengo liko wapi: vikundi vya BMU, vile vya usimamizi wa uvuvi, viko kwenye fukwe za ziwa, hivyo mtu wa mgono kule bara hana kiti kwenye kikao kinachoamua kama samaki atamfikia. Kikao cha kwanza kingefanyika Magu, kabla ya vuli, watu wa mlangoni na watu wa juu wakae meza moja na afisa uvuvi awasikilize. Nauli ya basi ya wajumbe kumi kutoka Maswa ni pungufu ya mafuta ya boti ya doria kwa siku moja.